Mashine Iliyopokea Simu Haraka Mno

Safinaz Raafat alikuwa mtu wa kuamka akiwa amekwisha kukasirika. Sababu ingekuja baadaye, na Aleksandria haikosi sababu: leo lifti, kesho maji, keshokutwa mwenye duka la chini aliyegeuza ngazi za watu kuwa ghala lake la soda. Majirani walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Lakini mtoto wa jirani akipata homa, ni yeye aliyegonga mlango na dawa mkononi, huku akiwagombeza wazazi kwa nini hawakumwita mapema.

Kazi yake haikumsaidia kupoa. Aliandika programu katika kampuni ya Ustadh Lutfi, ofisi ya vyumba vitatu huko Smuha, juu ya duka la keki ambalo harufu yake ya samli ilipenya hata kwenye karatasi. Walichouza ni mashine za kupokea simu, zile zinazosema karibu, kwa malalamiko bonyeza moja, kwa mengineyo bonyeza mbili, mpaka mtu asahau alichopigia. Anayezisikia hudhani kazi ngumu ni maneno. Maneno si kitu. Kazi ni waya. Mashine haina sikio. Ina kadi iliyochomekwa tumboni mwake, na kadi hiyo ndiyo inayojua kwamba simu imeita, kwamba mtu amebonyeza, kwamba mtu amekata. Kadi nayo ina lugha yake, na lugha hiyo ilikuwa imeandikwa katika Kitabu.

Kitabu kilitoka ng'ambo pamoja na kadi. Kilikuwa kinene kama mto wa kulalia, na ndani yake kulikuwa na kila amri ambayo mtu angeweza kuipa kadi, na kila tukio ambalo kadi ingeweza kumrudishia mtu. Katika ofisi nzima Safinaz peke yake ndiye aliyekisoma. Ustadh Lutfi alikitumia kuegemeza dirisha wakati wa joto, na kila alipokichomoa dirishani Safinaz alimwambia maneno ambayo karani wa kawaida angefukuzwa kwayo.

Alikisoma, lakini hakukipenda. Aliyekiandika alikuwa mtu wa mahali ambapo simu ikiita hupokelewa na mtu akimaliza kuongea huaga. Kulikuwa na jedwali la nchi, kila nchi na milio yake, ili kadi ijue mlio wa simu iliyokatwa ukoje. Misri ilikuwemo, imewekwa mstari mmoja na nchi ambayo Safinaz hakuwahi kumwona mtu wake hata mmoja, na milio yenyewe si ya Misri. Kwa sababu hiyo mashine yao ya kwanza haikujua kwamba watu wamekata. Ilibaki inauliza na kujijibu yenyewe, bonyeza moja, bonyeza mbili, hadi laini zote zikajaa na mteja akadhani ofisi yake imeingiliwa na mashetani. Safinaz alishinda wiki nzima akirekodi milio ya kituo cha simu cha Aleksandria na kuipima, akilaani kila mmoja.

Mashine ya pili, ya wauza mitungi ya gesi, ilisema: kwa mtungi mkubwa bonyeza tano. Watu wakabonyeza sifuri. Yeyote aliyesoma kwa tarakimu zetu za Kiarabu anajua kwamba tano yetu ni duara, na kwenye simu duara liko moja tu, pale chini katikati. Kitabu hakikusema neno juu ya hilo. Tangu siku hiyo Safinaz hakutumia tena tano, na alijiona sasa ameijua nchi yake kuliko Kitabu. Hapo ndipo mtu hujikwaa.

Jambo jingine: sauti ya mashine ilikuwa yake mwenyewe. Ustadh Lutfi hakutaka kulipa mtangazaji.

"Sauti yako ni asali, bi mhandisi," alimwambia. "Ila tu ukiwa hujakasirika."

"Basi tafuta siku hiyo kwenye kalenda, unijulishe," alijibu Safinaz.

Walirekodia chumba cha nyuma, mapazia yamefungwa ili wasisikike wauza keki. Maneno ya karibu yalikwenda vizuri. Lililomtesa ni moja, la mtu ambaye hakubonyeza kitu: "Hujabonyeza kitu. Si neno. Sina haraka, nitarudia polepole." Alilisema likatoka kama karipio. Akalisema tena, karipio. Ustadh Lutfi alimwomba afikirie mtu anayempenda. Safinaz akamwambia awaache watu anaowapenda mahali walipo. Ilibidi wanywe chai, wapumzike, warudi, na mwishowe maneno yakatoka laini, hata yeye mwenyewe alipoyasikiliza aliuliza huyu ni nani.

Hajja Tafida, mama yake, aliishi Tanta, katika nyumba ileile aliyozalia watoto wake. Figo zake zilikuwa zimekufa, na kwa miaka sita alikuwa akienda kituo cha figo mara tatu kwa wiki kukalia kiti na kusafishwa damu. Safinaz alimbembeleza ahamie Aleksandria. Hajja Tafida alisema hawezi kuwaacha wenzake wa kiti. Safinaz alisema hao si wenzake, ni wagonjwa. Hajja Tafida akasema na yeye ni nini?

Waliwasiliana kwa rana. Hapa kwetu rana ni mlio: unampigia mtu, simu yake inaita, unakata kabla hajapokea. Kwingine watu husema kubipu. Haikugharimu kitu, na ilisema yote. Mlio mmoja wa Hajja Tafida maana yake nimeamka. Miwili, nimerudi salama kutoka kitini. Mitatu, nipigie wewe, nina neno. Hata mume wa Safinaz, aliyekuwa akifundisha hesabu Kuwait, alimtumia mlio mmoja kila alfajiri kusema mzima, na Safinaz alimrudishia mmoja, na ndoa ilikwenda hivyo mwaka hadi mwaka, kiangazi hadi kiangazi. Hajja Tafida alijisifu kwamba tangu anunue simu ya mkononi hajawahi kuila hata vocha moja. Akipokelewa kwa bahati mbaya alikata upesi kama aliyeshika sufuria ya moto.

Basi kituo cha figo nacho kikaamua kununua mashine, na katika kampuni zote za Misri kikaangukia kwa Ustadh Lutfi. Viti vilikuwa vichache na wanaovisubiri wengi. Kila jioni wagonjwa wa kesho walithibitisha kwamba watakuja, na asiyethibitisha kiti chake alipewa mwingine. Mkuu wa kituo, Daktari Mamduh, mtu mpole mwenye tai iliyobana, alimweleza Safinaz kazi yote kwa sentensi moja: "Jioni wanatupa rana, sisi tunawaandika." Safinaz akaandika kwenye karatasi yake: wagonjwa hupiga simu jioni kuthibitisha. Alikuwa na Kitabu mezani, na katika Kitabu mlio ni mwanzo wa simu, hauna maana nyingine. Kitabu kilishauri mashine ipokee kwenye mlio wa kwanza, ili mpigaji asisubiri. Akaweka mmoja. Aliona amefanya ihsani.

Mashine ilianza kazi Jumapili jioni. Jumatatu asubuhi, Safinaz akiwa ofisini anagombana na kiyoyozi, simu yake ikaita. Mara tatu. Ikanyamaza.

Akampigia mama yake.

"Wamenirudisha," Hajja Tafida alisema. Alikuwa akihema. "Kiti changu wamempa mtu."

"Wamekurudisha vipi? Kwa nini hukuthibitisha?"

"Nimethibitisha. Nilipiga kama siku zote. Ukapokea wewe."

"Mimi?"

"Wewe, sauti yako siijui? Nikasema, Safinaz, uko Tanta na hukuniambia? Umekula? Ukaniambia nibonyeze moja. Nakusalimia, unaniambia nibonyeze! Nikakata."

"Mama! Ile ni mashine!"

"Basi mashine yako haina adabu," alisema Hajja Tafida, kisha akakumbuka nani analipia simu hiyo, akaanza kueleza habari za Umm Rida, mwenzake wa kiti cha pembeni, naye pia karudishwa.

Safinaz alipanda treni iliyofuata. Njia nzima alikuwa na Kitabu mapajani na hasira kifuani, na kila kituo treni iliposimama bila sababu alizidi kuwaka. Mara ya mwisho mama yake kusafishwa damu ilikuwa Jumamosi. Zamu iliyofuata ilikuwa Jumatano. Mtu asiye na figo hana pa kupeleka maji. Kila glasi anayokunywa hubaki ndani, ikapanda miguuni, ikapanda tumboni, ikafika mapafuni. Jumatano angeweza kuifikia. Kupita hapo, Safinaz hakutaka kufikiri.

Daktari Mamduh alimpokea kwa chai na kwa karatasi. "Mfumo unasema hawakuthibitisha, bi mhandisi. Hajja wetu, Umm Rida, na wengine wengi. Mimi nafuata mfumo."

"Mfumo ni mimi," Safinaz alisema. "Na mimi nakwambia una kasoro."

"Ustadh Lutfi aliniambia mkono wa mtu ndio unaoharibu orodha. Tumekubaliana: asiyethibitisha mara mbili mfululizo, kiti cha kudumu kinakwenda kwa anayesubiri. Nimewatangazia wote." Akainamisha kichwa, akashusha sauti. "Lakini Hajja ni mama yako. Huyo nitamwandika kwa kalamu. Likae kati yetu."

Moyo wa Safinaz ukashuka mahali pake. Akashukuru, akaenda moja kwa moja kwa mama yake kumpa habari njema. Alimkuta kwenye kochi, miguu juu ya mto, imejaa hadi vidole vimezama, midomo imekauka kwa kujinyima maji. Mezani palikuwa na sahani ya mboga ya mulukhiya iliyoletwa na jirani, haijaguswa.

"Jumatano una kiti," Safinaz alisema. "Daktari atakuandika mwenyewe."

"Na Umm Rida?"

"Umm Rida ana watoto wake."

"Ana watoto, lakini hakuna hata mmoja mwenye mashine." Hajja Tafida alipumua kidogo kabla ya kuendelea. "Kiti changu kikiandikwa kwa kalamu, kimetoka kwa nani? Viti ni vilevile. Sikai."

"Mama, miguu yako umeiona?"

"Naiona, iko mbele yangu."

"Mimi siwezi kuibeba Delta ya Nile nzima mgongoni!"

"Nani kakwambia uibebe? Ifundishe mashine yako. Kesho jioni nitapiga milio miwili, kama nilivyopiga miaka sita. Ikinisikia, nakwenda. Isiponisikia, basi."

"Basi nini?"

"Usinipigie kelele, ninaumwa."

Sikio la kufa halisikii dawa, Safinaz alitaka kusema, akalimeza, kwa sababu neno lenyewe lilimtisha. Badala yake alimgombeza juu ya mulukhiya, akatoka, akabamiza mlango, akarudi kuufungua kuona kama hakumshtua mgonjwa, akatoka tena. Hakujua mtu atapona vipi na mzazi wa aina hiyo.

Kesho yake tangu asubuhi alikuwa chumba cha mashine, kituoni. Aliamini kosa liko kwenye laini. Kumbukumbu ya mashine ilionyesha simu nyingi za Jumapili, zote za namna moja: imeita, imepokelewa, mtu amekata kabla ya neno la pili. Simu baada ya simu. Akaishuku kadi. Akamshuku mtu wa kituo cha simu, akampigia, wakatukanana kwa heshima. Akafungua mashine, akachomoa kadi, akaipuliza vumbi, akairudisha. Akalishuku jedwali la nchi, adui yake wa zamani. Ustadh Lutfi akapiga kutoka Aleksandria kuuliza kuna nini.

"Wanakata," Safinaz alisema. "Mashine inapokea, wanakata. Wote. Sielewi watu hawa!"

"Weka tangazo: tafadhali usikate."

"Watalisikiaje tangazo na wameshakata, Ustadh?"

"Liweke mwanzoni kabisa."

Alikata yeye. Akakaa sakafuni, mgongo ukutani, Kitabu kando, akala mkate na bajia za taamiya zilizokwisha kupoa. Ndani ya mkoba wake simu ikaita mara moja. Ikanyamaza. Mama ameamka, usingizi wa mchana, Safinaz alijisemea, na akaendelea kutafuna.

Kisha akaacha kutafuna.

Hakuishika simu. Hakuitazama. Hakuna aliyepokea kitu, hakuna aliyesema neno, na yeye alikuwa amekwisha kuambiwa na amekwisha kuelewa. Na Daktari Mamduh alisema nini siku ile? Hakusema wanapiga simu. Alisema wanatupa rana. Kwa miaka yote, karani wa mapokezi alikaa mbele ya simu yenye kidirisha cha namba. Inaita mara mbili, namba inaonekana, anaweka alama, inayofuata. Nusu ya wagonjwa wale hawakuwa na salio la kuongea hata sekunde. Wakapiga rana yao, na badala ya kimya wakapokelewa, salio linaanza kuliwa, mwanamke wasiyemjua anawaambia wabonyeze. Nani asingekata? Mimi ningekata. Safinaz mwenyewe angekata, na angetukana juu yake.

"Punda!" alijiambia kwa sauti, chumbani peke yake. "Punda wa punda! Mume unaye kwa rana, mama unaye kwa rana, na neno lenyewe umeambiwa!"

Haraka haraka haina baraka. Alilisikia tangu utotoni, na bado alikuwa ameweka mlio mmoja.

Akakifungua Kitabu kwa fujo, mpaka ukurasa ukachanika. Yote yalikuwemo, ndiyo yaliyomuuma. Palikuwa na onyo dogo kwamba namba ya mpigaji hupita kwenye waya kati ya mlio wa kwanza na wa pili, na anayepokea mapema huikosa. Alilisoma zamani, akaona halimhusu. Palikuwa na tukio ambalo kadi hulileta mtu akikata kabla ya kupokelewa. Kitabu kililiita simu iliyotelekezwa, na chini yake kiliandika kwamba programu inaweza kulipuuza. Akaisoma sentensi hiyo mara kadhaa. Hasira aliyokuwa nayo wakati huo ingechemsha birika. Iliyotelekezwa! Mwanamke aliyevimba miguu anasema nitakuja, kesho nihesabuni, na mtu mmoja mahali fulani ameandika mpuuze. Na mtu mwingine, mwanawe wa kumzaa, ametii.

Alipompigia Ustadh Lutfi kumweleza, alijibiwa kwa kicheko kikavu.

"Yaani mashine ya kupokea simu, isipokee simu?"

"Isipokee. Ihesabu milio, ishike namba, iandike. Anayeacha iite hadi mlio wa nne, huyo anataka kuongea, huyo ipokee."

"Bi mhandisi, na mimi nitamwonyesha nini mteja? Mashine iliyokaa kimya? Kitabu kinasema nini?"

"Kinasema nipuuze."

"Basi si ndiyo hayo!"

"Ustadh Lutfi, chukua Kitabu chako uegemezee dirisha," alisema Safinaz, ingawa Kitabu alikuwa nacho yeye.

Akaketi kuandika. Siyo kazi ndefu kwa anayejua, lakini kila aliloligusa lilikuwa limejengwa juu ya kudhani kwamba simu huanza ikipokelewa. Tukio lililopuuzwa akalipa kazi. Akalipa namba, akalipa jina la mgonjwa kutoka orodhani, akaliambia milio miwili ni ndiyo. Aliijaribu kwa simu yake mwenyewe, rana moja, rana mbili. Mara mashine ilimwandika mara mbili, mara haikumwandika kabisa, na kila mara alizungumza nayo kwa maneno yaliyomfanya muuguzi aliyepita mlangoni aongeze hatua. Jua lilikuwa limeshuka kwenye paa za Tanta alipomwita Daktari Mamduh aje aone.

Daktari alileta kiti. Spika ndogo ya majaribio ilikuwa wazi, kwa hiyo waliisikia kila laini. Simu ikaita mara mbili, ikakatika. Mashine haikufanya kitu. Kwenye skrini likatokea jina: Umm Rida, atakuja.

"Allahu akbar," Daktari alisema polepole.

Ikaita tena. Na tena. Mzee wa Basyun, atakuja. Mwalimu wa Kafr el-Zayat, atakuja. Vijiji vilianza kuingia kimojakimoja bila neno hata moja, mlio, mlio, kimya. Wengine walikuwa wameambizana kwamba ile mashine ya kupokea imenyamazishwa. Habari hukimbia kuliko treni. Daktari Mamduh alianza kutabasamu, akalegeza tai.

Jina la Hajja Tafida halikutokea.

Safinaz aliitazama skrini. Akatazama simu yake mwenyewe juu ya meza. Angeweza kumpigia, lakini laini ya mama yake ingekuwa inatumika, na kama alikuwa akipiga wakati huohuo angemkosesha. Au amelala. Au hawezi kuinua mkono. Akasimama, akaketi, akaigombeza kadi, akamgombeza Daktari kwa kunywa chai kwa kelele.

"Bi mhandisi, nimwandike tu kwa kalamu?"

"Usimwandike! Hatakaa! Humjui!"

Simu ikaita. Mara mbili. Ikakatika. Hajja Tafida Shalabi, atakuja.

Safinaz aliufunika uso kwa mikono miwili. Daktari Mamduh, kwa adabu, akageukia dirisha. "Mkaidi," alisema ndani ya viganja vyake. "Mkaidi, mkaidi, mkaidi wewe, utaniua kabla hujafa."

Ndipo simu ikaita tena. Ni namba ileile. Mara mbili, Safinaz akainua kichwa, akingoja ikatike. Mara tatu. Mama yake hajawahi kupita mitatu. Ikaita ya nne, na mashine, kama ilivyofundishwa, ikapokea.

"Karibu kituo cha figo," ilisema sauti ya Safinaz kutoka kwenye spika. "Kuthibitisha, bonyeza moja. Kuzungumza na muuguzi, bonyeza mbili."

Upande wa pili palikuwa na pumzi tu, nzito, ya kukwama. Safinaz akanyakua simu ya majaribio na kuingia kwenye laini, na mashine ikanyamaza.

"Mama! Una nini? Umeanguka?"

"Nani huyo?"

"Mimi! Safinaz!"

"Ondoka kwenye simu," Hajja Tafida alisema.

"Mama, umeshaandikwa! Jina lako ninaliona hapa! Imekupokea, salio lako linaliwa!"

"Nalijua. Acha liliwe."

"Sasa unataka nini? Nani mwenye kukuelewa wewe? Mtu nakimbizana tangu jana, sijala, sijalala—"

"Unaona?" mama yake alisema, bila hasira. "Ndiyo maana nimempigia yule mwingine. Jumapili nilimkatia, hakuwa amemaliza. Ana maneno mazuri. Muache amalize."

Safinaz akajitoa kwenye laini. Aliiweka chini simu ya majaribio, taratibu, isigonge meza.

Mashine ikasubiri kidogo, kama ilivyoagizwa kumsubiri mtu ambaye hajabonyeza.

"Hujabonyeza kitu," ilisema. "Si neno. Sina haraka, nitarudia polepole."

"Rudia, mwanangu," alisema Hajja Tafida.